Chini ya Gari Lisilonguruma

...na viatu vyenyewe vinang'aa, hebu viangalie, mtu gani anakuja gereji na viatu vya kung'aa kama si mdogo wake, vimesimama pale karibu na gurudumu la mbele kama vinasubiri kupigwa picha, na pembeni yake kandambili za Mama, zile za kijani, kidole gumba cha mguu wa kulia kinachezacheza, maana Mama akiwa na neno moyoni huanza kulisema kwa kidole, na huku chini, chali juu ya boksi lililokunywa oili ya magari ya watu miaka na miaka, amelala Sikio mwenyewe, fundi ambaye hata wasiompenda wanakubali, wakiwa peke yao, kwamba hajapata kutokea mwenzake, mtu anayeweza kuwa anakunywa chai, gari likapita huko barabarani, akasema bila kugeuka hilo plagi yake ya tatu imekufa, na likifunguliwa ni kweli ya tatu imekufa, si ya pili, si ya nne, na jina hilo la Sikio hakujipa, alipewa na wenye magari, lakini leo amelitegea gari la mdogo wake tangu aingie huku chini na halimwambii kitu, limekaa kimya kama mgeni aliyekataa chakula, "Nimeliwasha, Kaka," sauti ya mdogo wake inatoka juu, "unasikia?", nisikie nini, anajisemea, umewasha gari au umewasha pasi, ila kwa sauti anajibu, "Nasikia, tulia," maana hajawahi kulala chini ya gari akakiri kwamba halisikii, na hataanza leo, mbele ya Mama, kwa gari la umeme... na shida yenyewe wala si shida, ameiona mapema, kabla mgongo haujazoea ubaridi wa sakafu, ile ngao ya plastiki inayofunika tumbo la gari, kishikizo chake kimoja kimekatika, ukikimbia upepo unaingia, ngao inapiga, takatakataka, ndiyo hiyo sauti iliyomnyima mheshimiwa usingizi, na ile habari nyingine, kwamba betri siku hizi inaisha upesi, kwamba chaji iliyokuwa inamtosha kwenda na kurudi kazini siku tatu sasa inamtosha mbili, mbona matairi yamelala hivyo, matumbo yamemwagika pembeni, huko ni kumkimbiza mtu kwenye mchanga halafu unamuuliza mbona unahema, msomi mzima, kalamu mbili mfukoni, hajui hata kupima upepo, basi, kishikizo na upepo, kazi ya kumaliza huku unapiga mluzi, na Sikio hapigi mluzi, amelala tu anaitazama betri, bapa, ndefu kama kitanda cha mtu mmoja, imezibwa kila upande, nyaya za rangi ya chungwa nene kama vidole vyake, kibandiko chenye alama ya radi kinamkodolea macho, na hapo ndipo wazo lilipoingia, au lilikuwepo tangu gari lilipokata kona kuingia gereji bila mlio, Mama kiti cha mbele, kioo kimeshushwa nusu, mkono nje kama mke wa balozi...

"Kaka, umeona nini huko?"

"Gari si embe, useme utalibonyeza ujue limeiva," anajibu, "subiri," na Mama anacheka, na kicheko hicho kinamwingia vizuri kisha kinamgeukia, kwa sababu zamani kilikuwa chake peke yake, siku za kliniki yeye ndiye aliyekuwa akimpeleka, kwenye pikapu yake, anamwekea mto kwenye kiti kwa ajili ya springi iliyochomoza, njia nzima Mama anapiga kelele ili asikike juu ya injini, anamsema jirani, anamsema daktari, anamsema na yeye Sikio, na yeye anaitikia eeh, eeh, hata asiposikia, na wakifika Mama anashuka ameziba pua kwa ncha ya mtandio, nguo zote petroli, lakini walikuwa wakienda, walikuwa wakirudi, na juzi, juzi tu, amemsikia kwa masikio haya akimwambia yule jirani, ndani ya gari la huyu mdogo hata ukinong'ona unasikika, na unashuka unanukia vilevile ulivyopanda, akalisema taratibu, kama anahadithia safari ya mbinguni, na Sikio alikuwa nyuma ya ukuta ameshika ndoo, akakaa na ile ndoo... si kwamba ana wivu, wivu wa nini, yeye mikono yake imefufua magari ambayo wenyewe walishayalilia, wivu ni wa watu wasio na kazi, ila kitu kimoja tu, mdogo wake kalipataje, eti ofisi, eti mpango wa wafanyakazi, gari limetumika huko lilikotoka, likaja kwa bei nafuu, anakatwa kidogo kidogo kwenye mshahara, fedha yenyewe haimpiti hata mkononi ikamwasha, na chaji anachomeka kwenye maegesho ya kazini, asubuhi anawapakia wenzake watatu wanamchangia, kwa hiyo mtu anakwenda kazini huku kazi inamlipia kwenda kazini, hebu fikiria, na pikapu ya Sikio inakunywa petroli kama iliapa, kila siku kabla hajashika spana ameshalisha chuma... yeye pia alikwenda, msidhani hakwenda, alikwenda kwenye lile duka la pikipiki za umeme, alivaa shati, akasema na mimi nipate hata ya magurudumu mawili ya kufuatia vipuri, dada wa pale mpole, akampa kiti, akampa maji, akamuuliza mwajiri wako nani, akasema mwajiri wangu mimi, dada akaandika kitu, akaomba karatasi ya mshahara, Sikio akasema nijiandikie, dada akatabasamu, na lile tabasamu ndilo aliloondoka nalo dukani, hakuna kingine, ndipo akajua kwamba hata nafuu ina mlango, na mlangoni kuna mtu amekaa, na mtu huyo anataka karatasi, mwenye mshahara anauziwa cha kumpunguzia gharama, na asiye nao anaachiwa pampu ya petroli ambayo haimuulizi mtu mwajiri wake, inapokea tu...

na mambo ya magari nani aliyemfundisha huyu, kabla hajajua kufunga zipu, kulikuwa na gari bovu limetupwa nyuma ya nyumba, halina magurudumu wala milango, wao wawili ndani, mdogo amekaa mapajani kwake ameshika usukani, na Sikio akilia injini kwa mdomo, vuuum, anampigia gia, anamwambia sikia, hii ya pili, sikia, hii ya tatu, umesikia ilivyonenepa, na mtoto anacheka mpaka anamlowesha suruali, alimfundisha gia zote, na huyo kakua, kavaa viatu, kaenda kununua gari lisilo na gia hata moja... haya, sasa wazo, wazo ni dogo, katika gereji lina jina, linaitwa kuliua gari kwa mdomo, yule bosi wake wa kwanza alikuwa bingwa, alilala chini ya gari la muuguzi mmoja, zima, lisilo na kasoro, akaguna mara moja, akakaa kimya, akaguna tena, akatoka anafuta mikono kidole kimoja kimoja, akamshika yule mama bega, akamwambia pole, basi, hakutaja ugonjwa wala bei, pole tu, kama wametoka kuzika, na haikupita wiki bosi alikuwa anaendesha gari lile kwenda sokoni huku ametoa kiwiko dirishani, na hili la umeme ndiyo rahisi kabisa kuliua, watu wote wanaiogopa betri, kila mtu amesikia habari za mtu ambaye betri yake ilikufa na mpya ikawa bei ya gari lenyewe, sema betri inakwenda, sema hujakuta mtu wa kuitengeneza, mdogo wake atalitupa kwa bei ya bati, na mwenye kulipokea bati yupo, amelala hapa, atabana kishikizo, atajaza upepo, na siku ya kliniki Mama atakaa kiti kilekile, atanong'ona, na Sikio atamsikia... akaguna, kujaribu tu, mmh, na kidole gumba cha Mama kikaacha kucheza.

Kimya, tena kimya cha ajabu, maana kwa kawaida fundi akiwa chini ya gari na gari linawaka, watu waliosimama juu husema wanachotaka, injini inawalindia siri, ndivyo watu walivyozoea, na hawa wawili nao wakasogeana vilevile kwa mazoea, wakashusha sauti kidogo tu, bila kukumbuka kwamba gari hili halimlindii mtu kitu, "Umesikia alivyoguna," mdogo wake anasema, na sauti hiyo si ya viatu vile, ni ya yule mtoto, "Mama, akisema betri imekwisha, mimi nimekwisha, makato bado miaka minne, nitakuwa nalipia gari limesimama nje, nakwenda kazini kwa miguu," na Mama, "Si ungewapelekea waliokuuzia?", "Wale wana kompyuta yao, Mama, inasema wanachotaka wao, watanambia chukua lingine," halafu kandambili moja inajikuna kwa nyingine, na Mama anasema, polepole, kama anatafuta kitu kwenye mkoba, "Huyu mwenzio nimemzaa mimi, baba, namjua, ni mwongo," na Sikio huko chini macho yanamtoka, mwongo, mimi, Mama anasema hivyo mbele ya mtu, "mwongo tangu hajaota meno, alinidanganya habari za shule, akanidanganya habari za yule mchumba, mwezi uliopita kaniambia ameacha sigara na hapo alipo ananuka sigara, ila kwenye gari hajawahi, sijui kwa nini, gari likifa atasema limekufa, hata liwe lake, likiwa zima atasema zima hata kama mwenyewe amemkosea, wewe msubiri, atakalosema ndilo," na mdogo wake anavuta pumzi, "Ndiyo maana nimelileta kwake," basi, hawakusema zaidi, hata hawakumsifia, wamelisema kama watu wanavyosema mvua inalowesha.

Sasa afanye nini na maneno hayo, yamemwangukia usoni kama oili ya moto na hawezi kuinuka, juu yake kuna kitanda cha betri na nyuma yake kuna sakafu, angependa akasirike, anatafuta hasira kwenye lile neno mwongo, anaipata kidogo, inamponyoka, maana lile jingine ni zito zaidi, hajawahi kwenye gari, kweli hajawahi, hakuwa hata amelihesabu kuwa ni jambo, yule bosi aliliua gari la muuguzi na Sikio akaondoka pale mwezi huohuo, akawaambia watu mshahara mdogo... haya, basi asiseme betri imekufa, aseme nzima, ni rahisi, aseme betri hii nimeisikia, nzima, itaishi kuliko wewe, na mdogo wake atalia kwa furaha, Mama atasema si nilikwambia, lakini nzima ameijuaje, ameisikia wapi, limekaa hapo juu ya pua yake sanduku zima na halimpi hata pumzi, kishikizo anakijua, matairi anayajua, huenda ni upepo tu, karibu ana hakika ni upepo, lakini karibu hiyo ndiyo uongo wenyewe, betri haijui, haijui, na kumbe kuna neno la hali hiyo, neno fupi, sijui, mara ya mwisho kulisema alikuwa amesimama mbele ya darasa na chaki mkononi, mwalimu amekunja mikono, watoto wamejiandaa, akasema sijui, wakacheka mpaka madawati yakalia, na kesho yake hakurudi, watu wanadhani aliacha shule kwa kupenda magari, na yeye ndivyo anavyosimulia, eti walimu walikuwa wanamchelewesha, ukweli ni kwamba alikwenda kutafuta mahali ambapo hakuna mtu atakayemsimamisha amuulize asichokijua, akapata, akapata na jina juu yake, na sasa swali limemfuata mpaka chini ya gari, Sikio hasikii, wataambiana gereji nzima... na cha ajabu wivu bado upo, haujapoa hata kidogo, umehama tu, ulikuwa kwa mwenye gari, ulikuwa kwenye kile kiti cha mbele, sasa unamkata kwa mtu mwingine kabisa, yule fundi aliyesemwa na Mama sasa hivi, asiyedanganya kwenye gari, jamaa mwenye bahati yake, angelitoa neno hilo bila jasho, angesema sauti ni plastiki, matairi yajazwe upepo, kuhusu betri sijui, ulitazame siku mbili tatu kwanza, na watu wangezidi kumwamini, jamaa huyo mama yake anamtetea, mdogo wake anamletea gari, amejichukulia kila kitu cha Sikio na anaishi humuhumu kwenye ovaroli hii, "Kaka," mdogo wake anaita, mara hii taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwenye chumba cha mgonjwa, "betri vipi?", na Sikio, bado chali, oili inampoza mgongo, anamtazama huyo mwenzake wa ndani ya ovaroli kwa jicho baya, jicho la mtu aliyezidiwa, kisha anampisha aseme.