Amekimbia na Mimba

"Chupa ya dawa ndiyo inayotikiswa, bibie, mtoto hatikiswi," Mama Pacha alikuwa akisema, na ndoo mbili zilikuwa zinafurika chini ya bomba bila yeyote kukumbuka kulifunga.

Aliyekuwa akipewa somo hilo alisimama kwenye mlango wa ua, viatu vya mbio mguuni, fulana imemkaa tumboni kama imeshonewa mtu mwingine. Nyumba nzima ilimwita Kisulisuli. Jina alipewa na mumewe wakati wa uchumba, kwa sababu kila alipomfuata wakatembee alikuta ameshapita, limebaki vumbi. Nyumba yenyewe ilikuwa ya vyumba vinavyotazamana, ukumbi mmoja katikati na bomba moja uani, na mtu akikohoa chumba cha mwisho, wa chumba cha kwanza ndiye anayempa pole. Ugomvi humo haukuhitaji kutangazwa. Milango ilishafunguka nusunusu, na waliokuwa wakiosha vyombo waliisugua sahani ileile tangu maneno yalipoanza.

Mama Pacha alizaa wawili kwa mkupuo mmoja, na tangu siku hiyo hajawahi kukubali kwamba yuko mkunga anayemzidi. Alisema yeye akiwa na tumbo kama lile hata barabara alivuka kwa kuiomba ruhusa. Kisulisuli akamjibu kwamba mkunga wa kliniki hakumkataza, alimwambia tu apunguze kasi na ausikilize mwili. Na kama ni kutikisa, basi anayefua mablanketi ameinama kutwa naye anatikisa. Mtu mmoja nyuma ya pazia akacheka. Kicheko hicho ndicho kilichoharibu mambo.

"Haya, kimbia," Mama Pacha akasema, safari hii kwa sauti ya chini, ambayo kwake ni mbaya kuliko ya juu. "Ila siku utakapomwangusha huko barabarani, usije ukanigongea mlango."

Kisulisuli aligeuka akatoka, na waliobaki wakaamua kwamba leo ameshindwa.

Kumbe walikuwa wanagombania kitu ambacho hakipo. Kisulisuli hakuwa akikimbia. Alikimbia mara ya mwisho siku ile ya mlima, na tangu hapo kila asubuhi alivaa viatu, akafunga kamba, akatoka kwa mwendo wa kuonekana, na alipokata kona ya kwanza akaanza kutembea. Nyuma ya duka la matairi, ambalo hufunguliwa jua likishakuwa kali, kulikuwa na tairi la lori limelazwa chini. Hapo ndipo alipokaa. Muda ukitosha alijimwagia maji ya chupa shingoni na kifuani, yaonekane jasho, akarudi nyumbani akihema kwa makusudi. Mtu aliyewahi kuwaacha wanaume wa kikundi chake cha mbio wameshika magoti, leo anaigiza kuhema.

Siku ya mlima alikuwa katikati ya mteremko wa tangi la maji, anapanda, aliposikia unyevu. Alijua palepale. Mwanamke hahitaji kuangalia. Lakini miaka yote aliyopanda pale hajawahi kusimama kabla ya kuligusa tangi, na siku hiyo pia hakusimama. Alipanda mpaka juu akaligusa. Alipofika bafuni akaona doa, si kubwa, ukubwa wa kifungo cha shati. Kesho yake likaja jingine, kisha damu ikakata.

Lililomnyima raha zaidi lilikuwa ukimya. Mtoto alikuwa ameshaanza kumgusa kutoka ndani, kitu kidogo, kama kidole kinachosogeza pazia. Baada ya mlima hakuweza kujua tena kama ni yeye au ni tumbo lenyewe linanguruma kwa njaa. Mkunga alishamwonya: hata tone moja, aje. Hakwenda. Alijiambia kwamba maadamu hajaenda, hakuna wa kumwambia mtoto hayupo, na hakuna wa kusema miguu yake ndiyo iliyofanya kazi hiyo. Na akiacha mbio hadharani, wataulizana kwa nini ameacha. Basi akawa anazikimbia kwa mdomo tu, mbele ya Mama Pacha na wengine wote.

Mumewe alikuwa fundi wa majokofu, mtu mpole, mwenye desturi ya kuzungumza na mashine akizifungua na kuwasahau watu. Lakini hata yeye aliona. Aliona anapewa mgongo, aliona macho mekundu, aliona chakula kinadonolewa tu. Alipouliza aliambiwa ni uchovu wa kazi. Akauliza tena siku nyingine, akajibiwa vilevile, akaacha kuuliza.

Sasa, Mama Pacha hakuwa mtu wa kulala na donge. Alikuwa na namba ya simu ya mama mkwe wa Kisulisuli, aliyewahi kuja kuwatembelea, wakawa mashoga kwa siku chache kama waliozaliwa pamoja. Alipomaliza kuanika nguo akampigia. Mtandao siku hiyo ulikuwa wa kuvunjikavunjika, sauti inaingia na kutoka. Mama Pacha alisema, na mpaka leo anaapa ndivyo alivyosema, "Mkweo anakimbia na mimba, na hamsikii mtu." Upande wa pili, mama wa watu yuko jikoni kwake na simu kaibana begani, akasikia: mkweo amekimbia na mimba.

Silabi moja tu iligeuka njiani. Lakini kwa mama anayengoja mjukuu wa kwanza, mtu anakimbia na mtu amekimbia ni mbingu na ardhi. Hakuuliza mara ya pili. Alimpigia mwanawe karakanani, akamwambia mkeo amekimbia na mimba, mimi napanda basi nakuja. Kisha akafunga jiko, akatia nguo mbili kwenye mfuko akatoka.

Kisulisuli wakati huo alikuwa kazini. Alikuwa mkataji katika kiwanda kidogo cha mapazia, na meza ya kukatia ilikuwa ya juu, imetengenezwa kwa watu wasio na matumbo. Alijifunza kusimama ubavu, mkasi umenyooka, kitambaa kikimteleza chini ya kiganja. Simu zilizimwa na kuwekwa kapuni mlangoni, amri ya mwenye kiwanda, kwani zamani mtu mmoja alicheka na simu akakata pazia la ukumbi mzima kimshazari. Mumewe alipopiga, akaambiwa namba haipatikani. Akapiga tena.

Mchana Kisulisuli alirudi nyumbani kula, kama kawaida yake, maana kiwanda hakikuwa mbali. Alimkuta mama mkwe ameketi kwenye kigoda mlangoni kwao, mfuko mapajani, na Mama Pacha amesimama kando yake anaeleza kwa mara ya sijui ngapi tofauti ya alichosema na kilichosikika. Ukumbi ulikuwa umejaa. Watu walikuwa wanacheka, tena kwa raha, kwa sababu mtu aliyekimbia huyo hapo anaingia na kitambulisho cha kazi shingoni na mkate mkononi.

Mama mkwe peke yake hakucheka. Alimtazama mkwewe usoni, akashuka mpaka kwenye viatu, akapanda tena. Akanyanyuka, akamshika mkono akamwingiza ndani, akaufunga mlango, umbea ukabaki nje.

"Nimeambiwa hukukimbia," akasema. "Mbona una uso wa mtu aliyekimbia?"

Kisulisuli alikuwa ameandaa majibu kwa kila mtu. Alikuwa na jibu la Mama Pacha, jibu la mume, hata jibu la mkunga. La swali hilo hakuwa nalo. Aliweka mkate kitandani akasema, "Mama, nimeona damu," na baada ya hapo hakuna alichokificha. Alisimulia mlima, tangi, kifungo cha shati, maji ya chupa shingoni. Alipofika pale pa kuligusa tangi alirudia tena, kana kwamba mwenzake hakusikia vizuri.

Mama mkwe hakumlaumu na hakumbembeleza. Aliuliza kadi ya kliniki iko wapi.

Walikwenda polepole, wameshikana mikono kama wanafunzi wanaovuka barabara. Njiani Kisulisuli aliwasha simu, akakuta mumewe amepiga mpaka amechoka. Simu ya mama ilikuwa imekufa chaji tangu kwenye basi, kwa hiyo hakuna aliyemtuliza. Akampigia.

"Uko wapi?" akamuuliza.

"Niko kwenu."

"Kwetu nyumbani?"

"Kwenu," mumewe akasema. "Kwa mama yako. Nimekaa sebuleni, napewa maji."

Fundi alikuwa ameliacha jokofu la watu mgongo wazi, akapanda gari la kwanza kwenda kwa wakwe kumdai mke ambaye hata hajatoka mtaani. Siku nyingine Kisulisuli angecheka mpaka akae chini. Alimwambia tu kwamba yuko na mama, wanakwenda kliniki, ataeleza. Mumewe akasema haya, akakata.

Kliniki walikaa kwenye benchi la mbao mpaka miguu ikafa ganzi. Ukutani kulikuwa na picha ya mtoto mnene anayecheka, na Kisulisuli alibadili mahali ili asiione. Mkunga alipomwita alisikiliza yote bila kubadili sura, akampaka mafuta ya baridi tumboni, akaanza kupitisha kile kifaa chake cha kusikilizia. Palikuwa na mkwaruzo, kama redio inayotafuta stesheni. Mkunga akahamisha mkono. Mkwaruzo tena. Mama mkwe aliyekuwa amesimama miguuni akaacha kupumua, na Kisulisuli akayafumba macho, akajiona yuko kwenye ule mteremko, tangi liko juu, na safari hii anasimama, anageuka, anateremka.

Ndipo moyo ukasikika. Mdogo, wa haraka, unadunda bila kupumzika.

"Mbona unakwenda mbio hivyo?" mama mkwe akauliza kwa woga. "Naye anamkimbia nani?"

Mkunga akacheka, akasema mioyo ya watoto wote ndivyo ilivyo. Mama mkwe akakaa chini ghafla kwenye kiti kilichokuwa na faili za watu. Kisulisuli hakulia wala hakucheka. Alisikiliza mpaka mkunga alipokiondoa kifaa, akatamani kumwomba akirudishe.

Lakini mambo hayakuishia hapo. Walipelekwa chumba cha picha, na picha ikaonyesha kwamba kondo la nyuma limejishika chini, karibu na mlango wa uzazi. Mkunga alieleza taratibu. Mahali linapojishika si kazi ya miguu ya mtu. Mara nyingi tumbo likikua lenyewe hupanda, na mara nyingine halipandi, na hapo mtoto hutolewa kwa upasuaji. Mpaka ijulikane, asikimbie, asinyanyue ndoo, asipande ngazi kwa haraka. Damu inaweza kurudi. Ikirudi, asije kwa miguu, aletwe, tena palepale.

"Kwa hiyo mlima haukufanya kitu?" Kisulisuli akauliza.

Mkunga alifuta mikono kwanza. Alisema yeye hawezi kuapa kuhusu doa moja la siku moja. Anachojua ni kwamba angekuja siku ileile, asingekaa siku zote hizo peke yake.

Jibu hilo alilibeba njia nzima kama mzigo usio na mshikio. Alitaka aambiwe ana kosa au hana. Na mbio zenyewe, ambazo ndizo zilizokuwa zikimtoa mawazo tangu alipokuwa msichana, sasa ndizo zimekatazwa siku anayozihitaji kuliko zote.

Nyumbani walikuta ndoo zao zimeshajazwa na kuwekwa mlangoni. Mama Pacha alikuwa kwenye kizingiti chake, anachambua kitu kisichohitaji kuchambuliwa. Alisema mtandao wa siku hizi utakuja kuua mtu. Baadaye kidogo, bila kumtazama yeyote, akasema maji ya kesho pia atayachota yeye. Mama mkwe akamwambia ahsante, shoga, akaingia ndani kupika.

Fundi alifika jua linazama. Shati lake lilikuwa na vumbi la safari na mfukoni bado ana bisibisi. Hakuingia. Alikaa kwenye ngazi ya mlangoni na viatu vyake mguuni, na Kisulisuli akatoka akajishusha kando yake, mkono mmoja ukutani. Akamweleza yote. Majirani, ambao kawaida yao jioni huvuta vigoda nje, siku hiyo walikaa ndani, na ukimya wao ulisikika ukumbi mzima.

Alipomaliza, mumewe aliuliza jambo moja tu: mama alijua kabla yangu?

"Leo mchana," akasema.

Mumewe akaichomoa bisibisi mfukoni, akawa anaitazama. "Unajua, mama aliponiambia umekimbia, sikushangaa. Nilikasirika, nikaogopa, lakini sikushangaa. Nilisema moyoni, ndiyo, ameondoka siku nyingi. Mpaka nafika kwenu ndipo nikajiuliza nimewezaje kuliamini haraka hivyo."

Kutoroka Kisulisuli alikuwa ametoroka kweli, kila asubuhi, mpaka nyuma ya duka la matairi. Alisema damu inaweza kurudi. Alisema anaogopa, na kwamba hajui atafanya nini na hizo asubuhi. Mumewe hakumgusa, hakuondoka pia. Ndani kifuniko cha sufuria kiligonga, na mama mkwe akaanza kupanga sahani mkekani, akazihesabu kwa sauti, akaongeza moja.

Kisulisuli alishika ukuta akanyanyuka taratibu, kama alivyoagizwa. Mlangoni akageuka. Mumewe bado alikuwa amekaa na viatu vyake, kama mgeni asiyejua kama wenyewe wapo.

"Vua viatu," akamwambia. "Ingia tule."