Kurasa Themanini na Tatu

Saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, kivinjari kilijifunga kwa mara ya tano.

Kivinjari ndilo jina la vitabuni la programu ya kufungulia kurasa za mtandao. Shemeji yake Bi Pindo, ndugu wa mumewe, ambaye ni fundi wa kompyuta, alikiita brauza. Bi Pindo mwenyewe asubuhi ile alikuwa ameshakiita majina mengine ambayo hayafai kuandikwa hapa, maana ni mwanamke aliyelelewa vizuri na hakuna haja ya kumvunjia heshima.

Jina la Bi Pindo alipewa na mtaa kwa ajili ya kazi yake. Alikuwa mshonaji wa nyumbani, na kila aliyenunua suruali ndefu kuliko miguu yake alimpelekea akaikunja na kuipiga pindo. Vidole vyake hupitisha uzi kwenye tundu la sindano mara moja tu, bila kujaribu mara ya pili. Asubuhi ile hata kipanya kilimshinda.

Mama yake, mwenye miaka sabini na minane, alikuwa amelazwa katika hospitali kubwa ya mji mwingine, safari ya siku mbili kwa basi. Saa tano kamili angeingizwa chumba cha upasuaji kutengenezwa moyo. Daktari hakumung'unya maneno. Alimwambia kaka yake Bi Pindo kwamba kwa umri ule wapo wanaoamka na wapo wasioamka. Kaka akapiga simu jana jioni, akasema hayo hayo, kisha akakata.

Hospitali ilikuwa na utaratibu kwa ndugu walio mbali. Muuguzi anamsogezea mgonjwa kompyuta kitandani, ndugu anafungua ukurasa wa hospitali huko aliko, wanaonana. Mama alipangiwa kuanzia saa nne na nusu hadi saa tano kasorobo. Robo saa, basi.

Simu ya kawaida isingefaa kitu. Masikio ya mama yalishachoka miaka minne iliyopita, na tangu hapo anasoma midomo. Ukimpigia simu anaitikia "ndiyo, ndiyo" kwa kila jambo, hata ukimwambia nyumba inaungua. Simu ya Bi Pindo ilikuwa ile ya vitufe, isiyoonyesha sura ya mtu. Jirani mwenye simu ya maana alikuwa kazini. Bi Pindo aligonga mlango wake mpaka kiganja kikawaka moto. Ikabaki kompyuta ya marehemu mumewe, pale kwenye meza ya kona, ubavuni mwa cherehani.

Tena kulikuwa na hili. Mumewe alikuwa fundi saa, na alifia kibandani kwake akiwa ameinamia saa ya mteja. Asubuhi ya siku hiyo alipotoka alisema, "Mimi naenda." Bi Pindo alikuwa anampima mtu kiuno, pini zimejaa mdomoni, akajibu "haya" bila hata kugeuza shingo. Miezi kumi na minne imepita na lile "haya" bado linamrudia. Aliapa kwamba hataagana tena namna hiyo na mtu wake yeyote.

"Shemeji, imezima tena," alisema kuiambia simu iliyolala kando ya kibodi.

"Kile kitambaa cha kufuma umekitoa juu ya mashine?"

"Nimekitoa tangu mara ya pili."

"Umeizima kabisa, ukahesabu hadi thelathini, ukawasha?"

"Nimehesabu hadi sitini."

"Na brauza ikifunguka inasemaje?"

"Vilevile. Inasema ilifungwa ghafla, inauliza kama irudishe kurasa zilizokuwa wazi."

"Unabonyeza nini?"

"Hapana," akasema. "Nabonyeza Hapana, kama ulivyoniambia."

Alikuwa anadanganya. Mara zote tano alibonyeza Ndiyo.

Mumewe alikuwa na tabia moja. Akikutana na kitu kwenye mtandao hakukisoma. Alisema, "Nitasoma baadaye," akakiacha wazi, akafungua kingine. Siku aliyokufa aliacha kurasa themanini na tatu, zimebanana juu ya kioo kama nguo kwenye kamba fupi. Kufuga nyuki. Kuziba paa linalovuja. Mchoro wa saa ya ukutani ya zamani. Viti vya kutikisika. Na ule wa mwisho kabisa, alioufungua usiku wa kuamkia kifo chake bila kumwambia mtu: "Miguu kuvimba na kukosa pumzi, sababu zake."

Tangu hapo, kila asubuhi kabla hajagusa cherehani, Bi Pindo aliwasha kompyuta. Iliuliza kama irudishe kurasa, naye alibonyeza Ndiyo, zikajipanga zote themanini na tatu, akaziangalia akimalizia chai yake. Hakuwahi kusoma hata moja. Aliona tu kwamba zipo, zinamsubiri mwenyewe, kisha akazima na kuanza kazi. Hakuna aliyejua. Angemweleza nani jambo la kitoto kama hilo? Kompyuta ya watu ilikuwa imezeeka na kumbukumbu yake ndogo, lakini kwa kuangaliwa tu ilivumilia. Kuongezewa juu yake ukurasa wa hospitali, aliokuwa anaujaribu kabla ya saa, hapo ilisalimu amri.

Saa nne na nusu alibonyeza tena Ndiyo, huku akiiomba mashine kwa sauti, "Mara hii tu, nakusihi, mara hii tu." Kurasa zikajipanga. Akafungua ukurasa wa hospitali. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, mara pakatokea paji la uso la mama yake na ukingo wa kofia nyeupe ya upasuaji.

"Mama!"

Paji la uso likaganda. Feni ya mashine ikalia kwa nguvu, halafu kioo kikabaki kitupu.

Bi Pindo alipiga meza kwa ngumi hata kopo la vifungo likaruka, vifungo vikatawanyika sakafuni. Maji yalikuwa yamemfika shingoni. Saa nne na dakika thelathini na nne.

"Shemeji, nimemwona! Nimemwona paji la uso tu, imezima!" Alikuwa analia waziwazi sasa.

"Haiwezekani," alisema shemeji. "Ukurasa mmoja hauwezi kuiua. Hebu niambie ukweli, pale juu kabisa zinakuwa kurasa ngapi?"

Bi Pindo akainama kuokota kifungo.

"Shemeji?"

"Themanini na tatu," alisema Bi Pindo. "Na wa hospitali, themanini na nne."

"Za nani hizo?"

"Za kaka yako. Alivyoziacha."

Saa ya ukutani, ambayo marehemu aliitengeneza kwa mkono wake, ilikuwa inagonga taratibu pale juu, haina haraka na mtu.

"Ungeniambia jana," alisema shemeji, "ningekuonyesha namna ya kuzihifadhi zote. Sasa kila ukizirudisha inakufa kabla hujashika kitu. Ukibonyeza Hapana ndiyo zimekwenda."

"Najua."

"Asingezisoma, shemeji. Mimi namjua yule. Tulipokuwa wadogo alikuwa na magazeti chini ya kitanda, rundo zima. Nitasoma baadaye, nitasoma baadaye. Mama yetu akaja kuyawashia moto wa kupikia, na yeye hakugundua mpaka alipohitimu shule." Alitaka kucheka, ila sauti ikamsaliti. "Bonyeza Hapana. Mama yako anasubiri."

Saa nne na dakika thelathini na tisa. Bi Pindo akawasha brauza. Swali lile likatokea katikati ya kioo. Mshale ukaenda wenyewe kwenye Ndiyo, maana mkono ulishazoea, akaurudisha, ukaenda tena. Akaushika mkono wa kulia kwa wa kushoto. Alimwonea mumewe uchungu, akajionea mwenyewe uchungu, akamchukia aliyeandika lile swali. Akapiga moyo konde, akabonyeza Hapana.

Kioo kikawa cheupe, juu hakuna kitu. Akafungua ukurasa wa hospitali, na kiduara hakikuzunguka hata mara mbili.

"Umekonda," mama alisema kwa sauti kubwa, kama wasemavyo wasiosikia.

Alikuwa amelala nusu, macho mazito. Sindano ya usingizi ilishaanza kazi. Nyuma yake alisimama muuguzi, ameshika ukingo wa kitanda.

"Sijakonda, mama. Nimechelewa, nisamehe. Kompyuta ilinisumbua."

"Kwa nini usimwachie mkwe wangu? Hizo si ndizo kazi zake? Yuko wapi, mbona haji kunisalimia?"

Mama alikuwepo mazishini. Alilala naye kitanda kimoja siku saba. Dawa ndiyo ilikuwa imemfutia hayo yote. Muuguzi akatikisa kichwa kidogo, kwamba mkubalie tu, usimtie wasiwasi.

Angeweza kusema ametoka. Lakini mama alikuwa anatazama midomo yake, na midomo hiyo haijawahi kumdanganya mama huyo ikafanikiwa, tangu enzi za kuiba sukari ya kabatini. Tena kwa miezi yote kumi na minne Bi Pindo alikuwa anasema "hayupo", anasema "marehemu", ila neno lenyewe hakulitamka hata mara moja.

"Alikufa, mama," alisema polepole, akifungua mdomo sawasawa ili asomeke. "Alikufa mwaka jana. Sikumuaga. Nimebaki na wewe."

Machozi yakamteremka mama kuelekea masikioni, kwa sababu alikuwa amelala.

"Nilisahau," alisema. "Maskini mwanangu." Kisha akajaribu kujiinua kwenye mto, akashindwa. "Basi mimi niage vizuri."

"Muda umekwisha, dada," alisema muuguzi kwa upole.

Bi Pindo alisogea mpaka pua yake ikakaribia kugusa kioo. "Nenda salama, mama. Nakupenda. Nakusubiri hapa hapa, sitoki."

"Nimekusoma," alisema mama.

Kitanda kikasukumwa. Kwenye kioo ukabaki ukuta wa kijani na ndoano tupu ya kutundikia dripu.

"Shemeji," iliita simu mezani. "Shemeji, imezima?"

"Haijazima," alisema Bi Pindo, akavuta kiti karibu zaidi.