Rangi Gani, Kidomo?

Walimwita Kidomo kwa sababu mdomo wake haukuwahi kwenda likizo, na jina hilo alilizoea kiasi kwamba akiitwa lile la kwenye vyeti alichelewa kugeuka. Usiku ule alikuwa ameketi nyuma kabisa ya boti, amekunja miguu, kikombe cha chai mkononi, akimsimulia Mjomba wake habari za jirani aliyeoa mara ya tatu. Mjomba alikuwa ameshika usukani na kumsikiliza kwa sikio moja. Tanga kubwa lilikuwa limejaa upepo kutoka kushoto. Nchi kavu haikuonekana upande wowote, na mbele yao kulikuwa giza tupu.

Boti haikuwa yao. Ilikuwa ya Bosi, mama mmoja aliyekodisha boti zake kwa watu wanaopenda kulala baharini kwa raha zao. Hii ilikuwa imetoka kwa mafundi kupakwa rangi na kubadilishwa kamba, nao walitumwa kuirudisha nyumbani kabla wageni hawajaamka. Asubuhi hiyohiyo Mjomba angeondoka nayo tena, na familia mbili ndani, wazee kwa watoto, pamoja na baharia mpya ambaye juzi tu alikuwa anahudumia meza hotelini.

Na asubuhi hiyohiyo Bosi angemuuliza Mjomba swali moja: je, Kidomo ameiva? Apewe ile boti ndogo awe nahodha mwenyewe?

"Neno la Mjomba wako linanitosha," Bosi alikuwa amemwambia. "Akisema ndiyo, ufunguo ni wako."

Tangu asikie maneno hayo Kidomo hakuwa analala sawasawa. Mtaa mzima ulishajua, maana aliwaambia mmoja mmoja, kila mmoja kwa siri.

Ukweli ni kwamba alistahili kutamba. Mjomba, mdogo wake mama, zamani alikuwa mchoyo wa ujuzi. Ukimuuliza jambo anakwambia, "Tazama, utaona." Lakini tangu arudi kazini baada ya kuugua kifua, alikuwa amegeuka mwalimu. Taa ikichomoza gizani, hata kama yeye mwenyewe anaitazama, huuliza, "Rangi gani, Kidomo?" Naye hujibu nyekundu, au kijani. Mjomba huitikia, "Vizuri," kisha hugeuza usukani au huuacha ulivyo.

Somo lenyewe si gumu. Usiku kila chombo huwasha taa nyekundu ubavu wake wa kushoto na ya kijani ubavu wa kulia. Ukijua rangi, umejua kimekupa ubavu gani, na ukijua ubavu umejua kinakoelekea. Kidomo alilimeza somo hilo mapema sana, lakini Mjomba hakuchoka kuuliza, wala yeye hakuchoka kujibu. Nyumbani alimwambia mama yake, "Mjomba ananifunza kama mwanawe wa kumzaa," na mama akafuta machozi kwa ncha ya kanga.

Mchana kutwa kulikuwa na mawingu, kwa hiyo betri, zinazochajiwa kwa jua, zilikuwa hoi. Mjomba alikuwa amezima ile skrini kubwa inayoonyesha meli, wakabaki na dira, kipima kina na macho yao. Taa ndogo ya dira siku hizi ilikuwa nyeupe. Zamani ilikuwa nyekundu, kwani nyekundu haiumizi macho gizani, lakini Mjomba alisema imeungua, akaweka hiyo. Kidomo alilalamika kwamba inampofusha. Aliambiwa atazoea.

"Basi yule mke wa tatu," Kidomo alikuwa anasema, "siku ya kwanza tu akauliza kabati la—"

"Kuna chombo," Mjomba alimkata. "Mbele, kulia kwetu. Rangi gani, Kidomo?"

Kidomo aliinua shingo. Kilikuwa chombo cha kiasi, kwa sababu juu kilikuwa na taa nyeupe moja tu. Meli kubwa huwa na mbili. Chini ya ile nyeupe kulikuwa na taa nyekundu, tena nyekundu ya wazi, hata mtoto angeiona.

Hapo ndipo shetani alipompitia. Hawa wawili maisha yao yalikuwa utani mtupu. Jioni hiyohiyo Mjomba alikuwa amemwekea chumvi kwenye chai na kumtazama akiinywa. Deni halijalipwa.

"Kijani, Mjomba," alisema, akaficha kicheko kwenye kikombe.

Alingoja aambiwe, "Wewe mtoto utatuua." Alingoja kofi la begani.

"Vizuri," alisema Mjomba, na usukani akauacha ulivyo.

Kidomo aliumauma midomo. Anajifanya, aliwaza. Anataka kuona nani ataangua kicheko kwanza. Mjomba alikuwa mgumu kwenye utani, anaweza kukunja uso hata keshokutwa. Kwa hiyo naye akakunja wake, akanywa chai, akaendelea na habari za kabati. Taa nyekundu ilikuwa kubwa zaidi sasa.

"Mjomba, una hakika na hiyo kijani?"

"Si umesema wewe? Anaenda zake kulia huyo. Hatumhusu." Alipiga mwayo. Ulikuwa mwayo wa kweli, wa mtu asiye na wasiwasi.

Kicheko kilimkauka Kidomo. Aliinama juu ya dira na kulenga ile taa, kama alivyofunzwa. Ukiona chombo kinakua, na kwenye dira kimeganda palepale, jua mna miadi ya kugongana. Alilenga, akangoja kidogo, akalenga tena. Kilikuwa palepale. Sheria inasema mwenye injini ampishe mwenye tanga, lakini aliyesinzia usukanini hana habari na sheria. Kisha akasikia injini.

"Mjomba, ni nyekundu!" Kikombe kilimponyoka. "Nilikuwa nakutania! Ni nyekundu, inakuja kwetu!"

Mjomba hakuuliza mara mbili. "Legeza kamba ya tanga!" alifoka, na papo hapo akazungusha usukani kulia. Kidomo aliiachia kamba mpaka ikamchubua viganja. Tanga likafunguka, boti ikalala, ikageuka na kukimbia kuelekea mahali ambapo kile chombo kilikuwa kinatoka. Ubavu mweusi wa chuma ulipita mbele yao, karibu kiasi kwamba Kidomo aliona kutu na kusikia harufu ya mafuta. Kwenye dirisha la juu palikuwa na mwanga, na hapakuonekana mtu. Wimbi lake likawarusha huku na huku, sufuria zikaanguka jikoni, kisha kukawa kimya.

Mjomba aliirudisha boti kwenye njia yake taratibu. Kidomo alipuliza viganja vyake vilivyochubuka.

"Nisamehe, Mjomba. Nilidhani unaona."

Mjomba alikaza macho kwenye dira.

"Nilidhani unaona," alirudia, na safari hii maneno yalimgeukia yeye mwenyewe mdomoni. Alikumbuka ile taa nyekundu ya dira, iliyosemekana imeungua. Alikumbuka kwamba kwa meli kubwa, zile za taa nyeupe mbili, ambazo mtu hujua zinakoelekea kwa jinsi taa hizo zilivyopangana, bila kutazama rangi, Mjomba hakuwahi kumuuliza lolote. "Huoni rangi."

"Naona taa," alisema Mjomba. "Naziona zote. Ila zote zimekuwa rangi ya chai ya maziwa."

"Tangu lini?"

"Tangu zile dawa za kifua. Daktari alinionya, rangi zikianza kufifia nirudi haraka. Zilififia, sikurudi. Ningerudi ningeambiwa niache kazi, mwanangu, na mimi kazi nyingine siijui. Nikasema nitamaliza dawa, zitarudi zenyewe." Alikohoa, ingawa kifua kilishapona. "Dawa nilimaliza. Bado nangoja."

Kidomo alimtazama huyu mtu aliyemfundisha kuogelea, kufunga fundo, kusoma mawingu, na kwa mara ya kwanza maishani alimkasirikia mpaka masikio yakawaka moto. Safari zote zile za usiku za "vizuri, vizuri." Kumbe alikuwa amevikwa kilemba cha ukoka, naye akakivaa na kutembea nacho mtaa mzima.

"Ulikuwa unanifunza au ulikuwa unanitumia?"

"Vyote viwili," Mjomba alisema. Angalau hapo hakudanganya.

Kidomo alishuka jikoni kuokota sufuria zilizoanguka. Alitaka kumtukana akashindwa, maana hutukani ndugu wa mama yako. Alitaka kulia, akaona aibu. Kilichomuuma zaidi hakikuwa ile meli. Kilikuwa furaha ya mama yake.

Taa za bandari zilipoanza kuonekana, alimtazama Mjomba akiingiza boti. Hakuuliza rangi hata moja. Mnara aliujua kwa namna unavyokonyeza, maboya aliyajua kwa mpangilio wake, na palipokuwa na shaka alitazama kipima kina kinasoma nini. Aliteleza kati ya kuta za bandari kama mtu anayeingia chumbani kwake. Hakukuwa na nahodha kama yeye pwani nzima, na Kidomo aliyejua hilo kuliko wote moyo ulimlegea.

"Usimwambie Bosi," Mjomba alisema kwa sauti ya chini.

"Sitamwambia. Utamwambia mwenyewe." Alikuwa ameshapanga kichwani. "Lakini leo huondoki na watoto wa watu peke yako. Nitakwenda na wewe. Boti ndogo itaningoja mpaka turudi. Tukirudi tu, unakwenda kwa daktari, na Bosi unamweleza kwa mdomo wako. Sawa, Mjomba?"

"Sawa."

"Sawa kweli?"

"Nimesema sawa, Kidomo."

Bosi alikuwa anawangoja kwenye gati, koti juu ya gauni la kulalia, simu sikioni. Bado kulikuwa na giza. Taa pekee zilizowaka zilikuwa za ofisi yake, na ile ndogo juu ya pampu ya mafuta mwisho wa gati, ambayo mpiga pampu huiweka kijani mafuta yakiwepo na nyekundu yakiisha. Kidomo aliruka na kamba, akaifunga. Bosi akakata simu, akatoa mfukoni ufunguo uliofungwa kipande cha kizibo ili usizame ukianguka majini. Aliuchezesha kidoleni, anatabasamu.

"Haya, nahodha," alimwambia Mjomba. "Tumpe, au tusimpe?"

Kidomo alikuwa tayari na maneno yake. Angesema asante Bosi, ila leo naomba niende na Mjomba, huyu baharia mpya hajazoea. Alishayafanyia mazoezi tangu mlangoni mwa bandari. Alifungua mdomo.

"Bado," alisema Mjomba.

Alikuwa ameinama, anakunja kamba ambayo ilikuwa imekunjwa tayari.

"Bado?" Bosi alishangaa.

"Ana papara. Utani mwingi. Usiku huu nusura atugonganishe na meli, mwulize mwenyewe." Bado hakuinua uso. "Mwache na mimi. Mwaka mmoja hivi, au miwili. Atakaa sawa."

Bosi alimtazama Kidomo kwa huruma, ufunguo akaurudisha mfukoni. "Pole, mwanangu. Mwenzio anajua anachosema."

Kidomo aliyarudia maneno hayo kichwani. Mwaka mmoja, au miwili. Yeye alikuwa amemtolea safari moja kwa hiari yake, naye Mjomba akataka kumchukua mzima mzima, macho na maisha. Na uchungu wenyewe ni kwamba kila alilosema lilikuwa kweli. Papara ilikuwepo. Utani ulikuwepo. Meli ilikuwepo.

Nyuma ya ofisi gari la wageni lilisimama, milango ikafunguliwa, sauti za watoto waliotolewa usingizini zikasikika, mmoja anauliza kama samaki nao wamelala.

"Mjomba," Kidomo aliita. Sauti yake ilitoka ya chini na tulivu, mpaka yeye mwenyewe aliistaajabia. "Ile taa ya pampu. Rangi gani?"

Bosi alicheka. "Mmeanza utani wenu, hata jua halijatoka!"

Mjomba aliinua uso. Aliitazama taa, akaitazama kwa muda mrefu. Rangi ni mbili tu, angeweza kubahatisha. Kisha akamtazama mpwa wake, akimwomba kwa macho yale yale mabovu. Kidomo machozi yalimtiririka, lakini hakusema neno. Yeye Kidomo, hakusema neno.

"Sijui," alisema Mjomba.

"Hujui vipi?" Kicheko cha Bosi kilikatika.

"Sijui, Bosi. Nimeacha kujua siku nyingi. Mwulize yeye."

Bosi aligeuka, anamtazama huyu, anamtazama yule. Lakini Kidomo hakumjibu Bosi.

"Nyekundu, Mjomba," alisema. "Ni nyekundu."

Mjomba aliitikia kwa kichwa polepole, kama alivyofanya kila usiku.

"Vizuri," alisema. Akavua shingoni ufunguo wa boti kubwa, hiyo waliyokuja nayo, akaunyoosha kwa Bosi. "Mpe na huu."