Nusu Yako, Nusu Yangu

"Tumechanganya," alisema Iracema, akaziweka chupa mbili mezani kama mtu aliyeleta zawadi.

Jandira, nesi wa utafiti, alizitazama. "Mmechanganya nini?"

"Dawa. Yangu na ya Mzee Valdemir. Si mlisema wengine wanapewa dawa yenyewe, wengine mafuta matupu? Tukaona, kwa nini mmoja akose? Kila Jumatatu, pale kwenye duka la mikate, tunamimina nusu kwa nusu."

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Jandira alikuwa amezunguka mji mzima wa Ribeirão Preto akitafuta wagonjwa wa baipola, ule ugonjwa unaompandisha mtu juu kisha kumbwaga chini, ili ijulikane kama kanabidioli, dawa inayotoka kwenye bangi lakini hailevyi, ingewapunguzia wasiwasi. Na hawa wawili walijuana hapa hapa, wakisubiri zamu, mbele ya chupa ya chai aliyoijaza kahawa yeye mwenyewe. Hasira ilimpanda, na nusu yake ilikuwa ya kujikasirikia mwenyewe.

"Mama Iracema, mnataka kuniua? Sasa nitajuaje nani katulizwa na nini?"

"Lakini nimetulia, mwanangu!"

"Hilo ndilo tatizo!"

Valdemir, dereva mstaafu wa basi aliyeketi kando ya Iracema, alikohoa. "Hata mimi nimetulia. Ugomvi wa nini basi?"

"Mzee, tafadhali! Nani alibuni ujinga huu?"

"Yeye. Mimi nilileta kijiko tu."

Kanuni haikuwa na huruma: wote wawili watoke kwenye utafiti, chupa zibaki. Jandira alipowaambia, Iracema aliukumbatia mkoba wake.

"Kabla ya hapa nilikuwa sivuki hata barabara, mwanangu. Naogopa kurudi kule."

"Daktari wenu ataendelea na dawa zenu za kawaida," alisema Jandira, na akaona aibu, maana dawa hizo Iracema alikuwa nazo hata wakati ule alipokuwa havuki barabara.

"Sasa Jumatatu tutachanganya nini?" aliuliza Valdemir.

"Changanyeni kahawa na maziwa! Mmenichosha!"

Walitoka bila kuaga. Dirishani, Jandira alimwona Iracema amesimama ukingoni mwa barabara. Magari yalipita. Yakapita mengine. Valdemir akamkunjia mkono wake. Iracema akaushika, wakavuka, wakashika njia ya duka la mikate, na wala haikuwa Jumatatu.

Jandira alibaki na chupa moja katika kila mkono.