Maji ya Chumbani kwa Chande

Siku ya pili ya msiba, Subira alichomeka maikrowevu kwenye soketi ya sebuleni, akaweka ndani sahani ya wali na mchuzi wa pweza. Katika nyumba ya msiba pale Chuno jiko haliwashwi. Majirani ndio hupika. Lakini Shehe Rashidi alikwisha kuikagua mashine ile na kutoa ruhusa, kwa kuwa haina moto. Huyatikisa tu maji yaliyomo ndani ya chakula, yakasuguana hadi yakapata joto.

Mabomba yalikuwa makavu wiki nzima, kwa hiyo majirani walipikia maji ya pipa lililokaa chumbani kwa marehemu Chande, kando ya kitanda alichougulia. Kwenye mkaa maji hayo yalinyamaza. Ndani ya mashine yalipotikiswa, yalisema yaliyoyasikia.

"Subira, mke wangu," sauti ya Chande ilitoka kwenye wali, "nigeuze. Ubavu huu umekufa ganzi."

Mashine ikalia. Subira akaitoa sahani, akaipeleka barazani kwa wanaume.

Sauti ilikuwa imetangulia kufika. Subira hakuondoka mlangoni, maana neno hilo "mke" ndilo lililokuwa likigombewa. Twahiru, mdogo wake Chande, alitangaza makaburini kwamba kaka yake alikwisha kumwacha mwanamke huyu tangu mwaka jana, talaka tatu. Basi hana eda wala urithi katika nyumba. Subira aliapa kuwa hajaachwa.

"Shehe, umemsikia mwenyewe," Subira alisema.

"Nimemsikia, mwanangu. Allah amrehemu, hata kukohoa kwake ni kule kule."

"Basi?"

Twahiru alimeza tonge kwanza. "Shahidi husimama akala kiapo, shemeji. Wali huu utasimama?"

"Umeniita nani?"

"Ulimi umeteleza."

Mtu mmoja akacheka. Shehe akaitazama sahani yake. "Maji hayaapi," alisema polepole, akaomba aongezewe mchuzi.

Sahani nyingine zikapashwa. Ming'oko, ile mizizi ya porini iliyochemshwa, ikamwomba Subira dawa. Mchuzi ukamwita mke wangu, ukamwita tena. Korosho za kukaanga, kwa kuwa zilikauka, zilitoka kimya. Walaji walijifuta machozi, maana Chande alipendwa, kisha wakanawa mikono.

Matanga yalipoanuliwa, Twahiru na mkewe Tabu walihamia nyumbani humo. Subira akafunga nguo zake kwenye kanga, akainama alivute pipa.

"Hilo liache," Twahiru alisema. Macho yake yalikuwa mekundu. "Ni sauti ya ndugu yangu."

Subira akajitwika furushi. Alikuwa hajavuka ua Tabu alipopasha uji.

"Subira, mke wangu," uji uliita, "uko wapi?"

Subira akasimama. Tabu akaifungua mashine, akaukoroga uji ili joto lienee.

"Ameshaondoka, shemeji," alisema, akafunga mlango.