Kinyota Chekundu cha Ukurasa wa Tatu

Darasani nilimpa mwanafunzi wangu mmoja jina la Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Siku moja nilimsimamisha akitazama ukuta kipindi kizima, kwa kosa la kumnong'oneza mwenzake jibu la mtihani. Leo ni mtu mzima, kazi yake ni kusanifu tovuti, na ndiye aliyeniketisha mbele ya kompyuta ofisini kwao.

"Mwalimu, hii ni tovuti mpya ya hospitali. Jiandikishe kliniki ya macho kama vile uko peke yako nyumbani. Mimi nitatazama unapokwama. Sitakusaidia. Nikikusaidia nitakuwa najidanganya."

"Yaani wewe, Chiriku, utanyamaza?"

"Shikamoo nimeshatoa. Sasa nanyamaza."

Nilikubali kwa sababu mbili. Kwanza, mtoto wa jicho alikuwa amelifunika jicho langu la kulia, na upasuaji niliouomba ulikuwa wa kweli, si wa kuigiza. Ya pili siisemi kwa fahari: tangu mke wangu azikwe, hakuna mtu aliyekuwa ameketi kando yangu saa nzima.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa mwepesi: maandishi makubwa, maneno machache, na kitufe cha "Endelea" mahali pale pale jicho lilipokitarajia. Katika wa pili nilikosea mwaka wa kuzaliwa, nikasahihishwa bila kukaripiwa, ustadi ambao mimi sikuupata katika ualimu wangu wote. Wa tatu uliuliza: "Mtu wa karibu: jina na namba ya simu." Kando yake palikuwa na kinyota chekundu, maana yake swali hilo halirukwi.

Mwanangu wa pekee, simu yake haijapatikana kwa miaka sita. Nikabonyeza "Endelea" hivyo hivyo. Kitufe kikabaki kijivu. Nikabonyeza tena. Kalamu ya Chiriku ilikuwa ikitembea karatasini.

Mchoraji wa meza ya pili alishindwa kuvumilia. "Mzee, weka namba yoyote tu! Mashine haijui."

"Mashine haijui. Mimi najua."

"Basi weka ya jirani. Kidole kimoja hakivunji chawa, babu!"

"Chawa sina."

Ofisi nzima ikacheka, isipokuwa Chiriku. Namba yake ilikuwamo katika simu yangu, mfukoni. Nilingoja aseme, "Andika yangu." Hakusema. Kanuni ilimkataza, na kanuni hiyo nilimfundisha mimi, akiwa ameelekea ukutani.

Dakika ya kumi na moja aliweka kalamu chini. "Mwalimu, ukikwama wewe, kosa si lako. Ni la ukurasa."

Akagusa vitufe viwili vitatu, kinyota kikafutika. Nikaiacha nafasi ile wazi, nikapata miadi: Jumanne, saa mbili asubuhi.

Jumanne nilifika saa moja na nusu, ndevu nimenyoa, viatu nimevipiga rangi. Muuguzi wa dirishani akaisoma karatasi yangu juu hadi chini.

"Babu, umekuja na nani?"

"Nimekuja mwenyewe."

"Sasa jicho likishafungwa bandeji, nani atakushika mkono hadi nyumbani? Bila mtu hatukupasui. Kwani fomu haikukuuliza?"

"Iliuliza, kisha ikaacha."

Akaniandikia tarehe nyingine, miezi miwili mbele. Bencini kila mgonjwa alikuwa na mtu wake: binti ameshika mkoba wa mama, mume amebeba kandambili za mkewe. Nilikaa mwishoni, nikampigia Chiriku, kama impasavyo mtu aliyekabidhiwa kazi ya ukaguzi.

"Kile kinyota kirudishwe. Na mwandike sababu pembeni: mgonjwa haruhusiwi kuondoka peke yake."

"Mungu wangu! Mwalimu, sikuliwaza hilo kabisa. Nakirudisha leo leo." Nikasikia kalamu yake. Kisha akauliza taratibu, "Na wewe, tarehe ikifika, utaandika jina la nani?"

Akaningoja.

Kwa miaka thelathini na minne niliwaambia watoto kwamba asiyejua jibu anyooshe mkono, wala si aibu. Niliutazama mkono wangu, umelala juu ya goti.

"Nitafikiri," nikasema, nikairudisha simu mfukoni.