Saa Iliyosimama Kumi na Moja na Dakika Kumi

Jumamosi asubuhi Immaculata alitandaza taulo jeupe mezani, ili skrubu ikimponyoka isirukie chini ya kabati. Kazi yake ilikuwa kufundisha hesabu chuoni Butimba. Saa za kutia ufunguo alizikusanya na kuzitengeneza kwa mapenzi tu. Alikuwa nazo arobaini na moja, na bado alichelewa misa.

Sabina alikuja kutoka Mabatini na saa ya mumewe ndani ya leso.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Imekufa lini?"

"Siku aliyokufa mwenyewe."

Mumewe, Nestory, alikuwa mpakiaji katika gati la kampuni moja ya samaki. Alizama ziwani. Barua ya kampuni ilisema saa yake ilisimama saa tano na dakika kumi usiku, wakati kazi huisha saa kumi na mbili jioni. Kwa hiyo, iliendelea barua, marehemu alikuwa kwenye mambo yake, huenda amelewa. Nestory hakuwahi kunywa hata togwa iliyolala. Shuleni binti yao, Evelina, aliitwa mtoto wa mlevi. Sabina alitaka kitu kimoja tu duniani, sentensi ile ya barua ifutwe.

Immaculata alifungua kifuniko cha nyuma na maji ya ziwa yakaanza kutoka. Alikinga bakuli, kisha beseni, kisha ndoo mbili. Katika ndoo ya pili alikuwamo samaki mdogo, furu mzima, Sabina akamtenga kwa ajili ya mboga. Maji yalipokwisha, mwalimu alisafisha magurudumu kwa brashi na petroli, akayadondoshea mafuta kwa ncha ya sindano, akatia ufunguo.

Saa ikaanza kutembea. Nestory akaingia kwa mlango wa jikoni, ameloa, akavua viatu kwa kuwa vilikuwa na matope.

"Shikamoo, mwalimu. Evelina amekula?"

"Amekula," alisema Sabina. Alivuta taulo jeupe akaanza kumkausha kichwa, taratibu, kwa sababu alikuwa amemkumbuka mno. Skrubu ya mwisho ikarukia chini ya kabati. Hakuna aliyegomba.

Immaculata alitaka kurekebisha mishale, Nestory akamzuia. Yeye aliitega saa kama alivyofundishwa na baba yake, mzee Machibya, ambaye hakuona sababu ya mtu kusema saa kumi na moja huku mshale mfupi uko kwenye tano. Kwa Nestory, mshale kwenye kumi na moja ulikuwa saa kumi na moja jioni. Ofisini waliusoma kama kwenye saa za watu wengine, wakapata saa tano usiku.

"Niliteleza na kreti ya sangara mkononi," alisema. "Nilikuwa nimebakiza dakika hamsini."

Jumatatu walikwenda ofisini wote watatu. Ofisa alitandika gazeti kwenye kiti ili Nestory asikiloweshe, akasikiliza hadi mwisho. Alikiri kwamba maelezo yana mantiki. Lakini faili lilishafungwa, na marehemu hawezi kuwa shahidi wa kifo chake kwa kuwa ana maslahi. Alimshauri pia aitege saa yake kama wenzake. Nestory alimshukuru, alilelewa vizuri.

Siku hizi Sabina hutia saa ufunguo kila asubuhi kabla ya chai. Immaculata amemwambia springi itachoka siku moja, na kwamba ameshamtafutia nyingine. Evelina akirudi kutoka shuleni humkuta baba yake kwenye mkeka, wakafanya hesabu pamoja, na baba hukosea zaidi kuliko mtoto. Barua iko kabatini, na bado inasema saa tano usiku.

Ikifika kumi na moja kamili jioni, Nestory huvaa viatu na kuinuka.

"Naenda zangu gatini, nimebakiza dakika hamsini," husema.

Sabina humfunga vifungo vya shati. Evelina humsindikiza hadi barabarani, kisha humwambia kwa sauti kubwa, majirani wasikie:

"Kazi njema, baba."